Mgodi Umefungwa, Asidi Inaendelea

Wanachuo wenzangu wa ualimu wa sayansi, tunapoenda field huwa tunafundisha asidi ya salfa kana kwamba inaishi kwenye chupa ya maabara tu. Kumbe Kilembe, magharibi mwa Uganda, inajitengeneza yenyewe. Mgodi wa shaba wa pale uliacha kuzalisha mwaka 1982, sisi hatujazaliwa, lakini kemia haikupewa likizo.

Mabaki ya mawe yaliyosagwa yalilundikwa tu bondeni, karibu na Mto Nyamwamba. Yana chuma na salfa ndani yake. Yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha shaba na kobalti iliyobaki. Mafuriko ya 2013 na 2020 yakasomba sehemu ya malundo yenyewe. Mto huo unaelekea Ziwa George, ambako watu wanavua samaki. Na usiniambie wachemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Shaba inabaki palepale kwenye sufuria.

Sasa kila anapotafutwa mwekezaji wa kuufufua mgodi, wimbo ni ajira, ajira. Sawa, nani hataki ajira? Mimi mwenyewe nitaisaka mwakani. Ila asipewe mtu leseni kabla hajaweka benki fedha za kusafisha, za malundo ya zamani na ya kwake. Aziweke mwanzoni, shaba ikiwa bado inauzika, maana akishaondoka utamdai nani?