Kaseti Kwanza, Sifuri Baadaye

Katika mkutano uliopita tulibishana kuhusu kifaa cha kuhamishia kaseti za wazee kwenye kompyuta. Wenzetu wengine wanataka kile cha bei kali, kinachosifiwa kuwa upotoshaji wake wa sauti ni asilimia 0.0001. Sisi wa Vårby gård, ambao kaseti zenyewe zimejaa makabatini kwa mama zetu, tunapinga.

Asilimia 0.0001 ni sehemu moja katika milioni, yaani desibeli 120 chini ya sauti yenyewe. Kuipima si mchezo. Unaingiza wimbi safi la hezi 1000, kichujio kinaliondoa, nawe unapima kilichobaki: harmoniki za hezi 2000, 3000 na kuendelea, pamoja na kelele. Lakini jenereta ya wimbi nayo hupotosha. Isipokuwa safi kuliko saketi unayoipima, unaipima jenereta yako. Tena makosa ya viwili hivyo yanaweza kufutana, namba ikapendeza bure. (William Hewlett aliituliza jenereta yake kwa balbu ndogo ya taa, ikaanza kuuzwa mwaka 1939. Hilo linatufurahisha kila tukilikumbuka.)

Sasa turudi kwenye kaseti. Kikomo cha kurekodia kwenye tepu kwa kawaida huwekwa pale upotoshaji unapofika asilimia 3. Hiyo ni mara 30,000 ya ile ya kifaa kinachotamaniwa! Na hapo hatujataja taarabu iliyorekodiwa harusini Mombasa, ikanakiliwa na jirani, kisha na shangazi, ndipo ikapanda ndege kuja Stockholm.

Wenzetu wanasema kazi hii hufanywa mara moja, basi ifanywe kwa kifaa bora. Hoja hiyo ina uzito. Ila ubora unapotelea kwenye deki. Hedi ikiwa chafu, au pembe yake ikiwa imepinda, sauti nyembamba za juu hupotea kabla hazijafika kwenye kompyuta, na hakuna programu itakayozirudisha zote. Mkanda wa mpira ukilegea, mwimbaji anayumba kama mlevi. Fedha ziende huko, kwa fundi, na kadi ya sauti ya kawaida itatosha.

Tepu nazo zinazeeka, na wanaoweza kututajia majina ya waimbaji pia. Jumamosi tutakuja na deki yetu, pamba na spiriti. Leteni kaseti.