Kabla Hujasambaza Hilo Bango la Wafungwa



Kuna bango linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Bendera za nchi upande mmoja, idadi ya wafungwa upande wa pili, chanzo hakuna, mwaka hakuna. Wengi wenu mmetuletea mkiuliza kama ni kweli, na wengine mmeshalisambaza kabla hata ya kuuliza.

Tumesoma maoni yaliyoandikwa chini yake. Yako mafungu matatu. Wa kwanza wanasema, "Angalieni magereza ya Ulaya, yamejaa Waislamu, hawa watu ni wahalifu." Wa pili, ambao ni ndugu zetu, wanajibu, "Uongo, nchi za Kiislamu ndizo zisizo na uhalifu." Wa tatu, na hawa pia ni ndugu zetu, wamechoka na vijana wa panga. Wanasema, "Hapa Kisauni tunahitaji Bukele."

Msimamo wetu ni huu: hesabu ya wafungwa haikwambii watu wa nchi fulani wakoje. Inakwambia serikali yao inawafanya nini. Ukichanganya haya mawili, utamdhulumu mtu, na siku moja mtu huyo atakuwa wewe.

Kwanza tuelewane hesabu yenyewe. Nchi kubwa itakuwa na wafungwa wengi tu, kwa hivyo kipimo cha haki ni wafungwa wangapi kwa kila watu 100,000. Kwa kipimo hicho El Salvador sasa imepita 1,000. Marekani na Rwanda zote zimepita 500. Kenya tuko kwenye 100 na kitu. Norway ni 50 na kitu, Japan haifiki 40.

Sasa weka mauaji kando yake, kwa kipimo hicho hicho. Marekani, pamoja na magereza yote yale, mwaka 2021 ilikuwa na zaidi ya mauaji 6 kwa kila watu 100,000. Norway na Japan hazifiki 1. Kama kufunga watu wengi ndiyo dawa ya uhalifu, basi Marekani ingekuwa imeshapona zamani. Lakini usikimbilie kinyume chake pia. Nigeria ina wafungwa chini ya 50 kwa kila watu 100,000, na hakuna atakayekwambia Nigeria ni salama kama Japan. Nambari moja peke yake haisemi kitu. Lazima uihoji.

Swali la kwanza: kinachohesabiwa ni nini?

Mwaka 2014 nchi iliyoongoza dunia nzima kwa kiwango cha wafungwa haikuwa Marekani. Ilikuwa Ushelisheli, hapo hapo kwenye bahari yetu. Je, Washelisheli ndio wahalifu wakubwa duniani? Hapana. Nchi nzima ina watu kama 90,000, na gerezani walikuwamo mia saba na kitu, wakiwemo Wasomali waliopelekwa huko kushtakiwa kwa uharamia. Watu wachache, wageni kadhaa gerezani, na nchi inaruka hadi nambari moja.

Au chukua Sweden. Kila mwaka kuna mtu huonyesha idadi ya kesi za ubakaji Sweden na kusema ni wahamiaji Waislamu. Hasemi kwamba Sweden hurekodi kila tukio kivyake: mke akiripoti kuwa mumewe amemlazimisha mara nyingi, kila mara huhesabiwa. Hasemi kwamba sheria yao ilipanuliwa 2005, na tena 2018 ikasimamishwa juu ya ridhaa. Nchi ambayo mwanamke anaogopa kuripoti, au polisi wanamfukuza kituoni, itaonekana safi kabisa kwenye jedwali. Usafi huo ni wa karatasi tu.

Swali la pili: walio ndani waliingiaje?

Uingereza na Wales, sensa ya 2021 ilionyesha Waislamu ni asilimia 6.5 ya watu. Gerezani ni kama 18 katika kila 100. Nambari hii ni ya kweli na hatutaificha. Na wamo ndani yake watu waliofanya makosa ya kweli, kama ilivyo kwa jamii yoyote.

Lakini uliza zaidi. Waislamu wa kule ni vijana: nusu yao wako chini ya miaka 28 hivi, na popote duniani magereza hujaa vijana. Wengi wanaishi mitaa ya kimaskini. Halafu kuna jambo ambalo ripoti ya mbunge David Lammy ya 2017 ililieleza vizuri. Kule ukikiri kosa mapema, unaweza kupunguziwa hadi theluthi moja ya kifungo. Washtakiwa weusi na wa jamii za wachache hawakiri kwa wingi kama wengine, maanake hawauamini mfumo. Hawamwamini hata wakili waliyepewa. Wakipatikana na hatia, wanakaa ndani muda mrefu zaidi. Yaani kutoaminiana peke yake kunaongeza idadi ya wafungwa.

Marekani nako, sheria ya 1986 iliamua kwamba gramu 5 za kokeini ya kipande, iliyouzwa zaidi mitaa ya watu weusi, zina kifungo cha chini sawa na gramu 500 za kokeini ya unga. Dawa ni ile ile. Ilichukua hadi 2010 kupunguza tofauti hiyo kutoka mara 100 hadi mara 18, na 18 bado si 1. Watu weusi ni kama 13 au 14 katika kila Wamarekani 100, lakini gerezani wanakaribia theluthi. Anayekuonyesha nambari hiyo bila kukutajia sheria iliyoizalisha anakudanganya kwa ukweli.

Na sisi wenyewe tusijidanganye

Kwa ndugu zetu wa fungu la pili: ni kweli Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi sana, ina mauaji chini ya 1 kwa kila watu 100,000. Lakini Japan pia, na Waislamu kule ni wa kuhesabika. Uturuki, ambayo wengi wetu tunaipenda, ina wafungwa zaidi ya 300,000, na kiwango chake ni cha juu kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Msako baada ya jaribio la mapinduzi la 2016 uliingiza watu wengi, wakiwemo walimu na mahakimu. Tukikataa Waislamu wa London kuhukumiwa kwa jedwali, hatuwezi kugeuka tukajisifu kwa jedwali. Uislamu hauhitaji bango la WhatsApp kuutetea. Unahitaji sisi tuwe waadilifu, hata kwenye jambo linalotupendeza.

Swali la tatu: nani hakuhesabiwa?

Hili kwetu ndilo zito zaidi.

Tangu Januari 2002 Marekani imepitisha wanaume wapatao 780 Guantanamo, wote Waislamu. Waliopatikana na hatia mahakamani ni wachache mno. Hawamo kwenye hesabu ya wafungwa wa Marekani. Mmoja wao ni Mkenya, alikamatwa hapa Mombasa 2007 na akarudishwa nyumbani Desemba 2024 bila kufunguliwa hata shtaka moja. Karibu miaka 18. Ukitafuta miaka hiyo kwenye jedwali la Marekani huioni, na kwenye jedwali la Kenya pia huioni.

China hutoa idadi ya wafungwa waliohukumiwa. Wauighur waliofungiwa kwenye kambi za Xinjiang, zile zilizoitwa vituo vya mafunzo, hawakuwamo. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema yaliyofanyika kule huenda ni uhalifu dhidi ya binadamu.

Na hapa nyumbani? Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Uwanja wa mpira si gereza, kwa hivyo waliokuwamo hawakuwa wafungwa. Mwaka 2016 Haki Africa walitoa ripoti ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Mtu aliyepotezwa hahesabiwi popote. Kwa lugha ya takwimu, nchi inayopoteza watu inapunguza wafungwa wake. Fikiria hilo vizuri kabla hujaisifu nchi kwa magereza matupu.

Sasa tuongee kuhusu Bukele

Hatutawacheka wanaomtaka. Tumezika watu. Tumekimbiza watu hospitali na majeraha ya panga, na waliokatwa ni wetu kama waliokata ni wetu. Anayesema mtaa wake unataka usalama anasema haki yake.

Ni kweli El Salvador mauaji yameshuka sana. Mwaka 2015 yalikuwa zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000, na serikali inasema 2024 hayakufika 2. Lakini soma hesabu yote. Kufikia 2021, kabla ya msako mkubwa, yalikuwa yameshashuka hadi 18. Msako ulianza Machi 2022, na tangu hapo watu zaidi ya 80,000 wamekamatwa. Rais mwenyewe alikiri kwamba kama 8,000 waliachiliwa kwa kuwa hawakuwa na hatia. Hao ni waliobahatika kutoka.

Sasa lete mfumo huo Mombasa au Eastleigh. Landrova imeingia mtaani usiku, hakuna wa kuuliza. Wale 8,000 wa hapa watakuwa nani? Hatuhitaji kubahatisha, Kasarani tumeshaona. Watakuwa wenye majina kama yetu, wenye kanzu kama zetu, na wale ambao kipande wamekisahau nyumbani. Methali ya samaki mmoja akioza ni ya sokoni. Ikiingia mahakamani inafunga mtaa mzima.

Na kuna mtego mwingine: gereza la Kenya tayari limejaa wasiohukumiwa. Tuna wafungwa kama 60,000, na takriban 4 katika kila 10 wako rumande, yaani kisheria hawana hatia. Kijana mmoja mtaani kwetu alikaa rumande miezi minne kwa kukosa dhamana ya shilingi 30,000. Nyumbani wangeuza nini? Mlalamishi hakutokea mahakamani hata siku moja, kesi ikaondolewa. Alipotoka, kazi yake ya umakanga ilikuwa na mtu mwingine. Jedwali la mwaka ule linamhesabu kama mfungwa mmoja wa Kenya. Na mwenye panga aliyemkata jirani yake bado yuko nje, kwa sababu polisi walikuwa na shughuli ya kushika walio karibu.

Ndiyo maana tunasema usalama na haki haviko pande mbili. Anayeshika mtu ovyo hashiki mhalifu.

Kumbukeni Nabii Yusuf, alayhi salaam. Alifungwa baada ya ushahidi kuonyesha hana kosa. Akasahauliwa mle ndani miaka. Na alipoitwa atoke, hakukimbilia mlango: alitaka kwanza kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe. Lau siku ile Misri ingetoa takwimu, Yusuf angekuwa mfungwa mmoja kwenye hesabu, na kuna mtu angesambaza bango kusema, "Waonaje hawa wageni kutoka Kanaan?"

Tufanye nini?

Moja, bango lisilo na mwaka wala chanzo, lifie kwako. Suratul Hujurat imetufunza kuchunguza habari kabla ya kuichukulia hatua, na kubonyeza kitufe cha kusambaza pia ni hatua.

Mbili, jua haki yako kwa nambari ya kifungu. Katiba, kifungu cha 49: ukishikwa, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zimeishia siku isiyo ya kazi. Una haki ya bondi au dhamana kwa masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hufai kuwekwa rumande. Mfundishe mdogo wako leo.

Tatu, tudai nambari zetu wenyewe. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Andika barua, huhitaji wakili. Uliza: rumande ya kaunti yetu ina watu wangapi, kwa makosa gani, kwa muda gani, na wangapi wamo kwa kukosa dhamana tu. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nne, kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa mahakama. Vijana wetu hawaonekani kule. Wazee wa mitaa, maimamu, dada zetu wa vikundi, tuingie, tuulize kwa nini dhamana ya kosa dogo inapita mshahara wa miezi mitatu.

Wanaotuhesabu wamekuwa wakituhesabu kwa muda mrefu. Wakati umefika na sisi tujifunze hesabu.

Wabillahi tawfiq.