Shemeji, Huyo Sungura Si Mboga!

Mwezi huu sitaki habari za meseji za usiku wa manane wala za wapenzi wa zamani. Nataka tuongee kuhusu mnyama. Tena siyo mbwa wa kulinda geti wala paka wa kufukuza panya. Naongelea sungura wa ndani ya nyumba, yule anayekaa sebuleni kama mpangaji asiyelipa kodi.

Najua kuna mtu tayari anacheka. Huku kwetu sungura tunamjua kwa njia mbili: yule mjanja wa hadithi za bibi, anayemwingiza mjini fisi kila siku, na yule wa bandani anayesubiri Krismasi. (Yule wa hadithi, kwa taarifa yako, ni wa porini na hachimbi shimo. Huyu wa kufugwa asili yake ni pande za Hispania na Ureno, na mababu zake waliishi kiukoo ndani ya mashimo. Kumbuka hilo, tutalihitaji.)

Sasa hapa Sakina, nyuma kidogo ya barabara ya Namanga, kuna jirani zangu wawili, vijana, ndoa haijafika hata miaka miwili, ambao nusura wagawane vyombo kwa sababu ya sungura. Mke anafanya kazi benki. Mume ni dereva wa watalii, akishaingia Serengeti na Ngorongoro unaweza usimwone wiki nzima. Mfanyakazi mwenzie mke alihamishwa mkoa, akamwachia sungura dume wa miezi mitano, mweupe, masikio meusi. Mke akampa jina Kibopa. Mume karudi safari usiku, kachoka, vumbi mpaka kwenye kope. Anakuta kochi linanuka mkojo, kapeti lina vipunje vyeusi kama pilipili manga, na alipoingiza mkono chini ya meza kumtoa yule mnyama, akang'atwa kidole.

"Shem," aliniambia kesho yake akinionyesha plasta, "huyu ni mboga. Ijumaa nanunua mkaa."

Mke naye akasema kisu kikimgusa Kibopa, yeye anarudi kwao Usa River. Kha! Mimi nimefuga sungura ndani miaka kadhaa, ndiyo nikaitwa kusuluhisha. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, na kwa jinsi nilivyowasikiliza, kesi haikuwa ya sungura peke yake. Dada wa watu anarudi kazini kila jioni kwenye nyumba tupu, na kiumbe pekee kinachomkimbilia mlangoni ni hicho. Mume akirudi anaona kiti chake kimekaliwa. Lakini nani ataongea mambo ya moyoni wakati kochi linanuka? Tukaanza na kochi.

Habari njema ni kwamba sungura ni msafi kuliko anavyosingiziwa. Wale mababu zake wa mashimoni huwa na sehemu maalumu za kujisaidia, na huyu wa sebuleni kairithi tabia hiyo. Mwangalie siku mbili tu, utamkuta anarudi kona ile ile. Kwa hiyo wewe humchagulii choo, unamfuata alikochagua. Kibopa alichagua nyuma ya kochi, hapo hapo tukaweka beseni pana la plastiki. Ukitaka cha bure, dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni linafaa kabisa, ila piga msasa kingo zisimkate. Ndani tandika magazeti, juu yake weka nyasi kavu nyingi upande mmoja. Usishangae chakula kukaa chooni. Sungura hupenda kutafuna huku anajisaidia, na nyasi ndiyo inayomwita abaki pale. Kisha okota vile vipunje vyake, chukua na kipande cha karatasi chenye mkojo wake, weka humo humo. Pua yake itamwambia kazi iliyobaki.

Jambo ambalo wengi hulikimbia ni kumpunguzia eneo. Mgeni ukimwachia nyumba nzima siku ya kwanza, atajuaje choo kiko wapi? Mwekee uzio mdogo, yeye na beseni lake, chakula na maji, wiki moja au mbili. Akishalizoea, mfungulie sebule, baadaye koridoo. Chumbani kwenu ni juu yenu, mimi simo.

Maranda ya mbao ninayakataa, hasa yale mabichi ya misonobari yanayonukia. Harufu ile nzuri kwetu inaweza kuwa balaa kwa ini na mapafu yake. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana nao usiweke, maana akiula unaweza kumziba tumbo. Akikosea, futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, harufu ife. Na usimpige wala kumsugua pua kwenye mkojo. Haelewi anaadhibiwa kwa lipi, anachojifunza ni kwamba wewe ni mnyama mkali.

Mke aliwahi kunipigia simu saa tano usiku analia: Kibopa anakula mavi yake! Tulia, dada. Sungura hutoa choo cha aina mbili. Kile kikavu, ndicho kile cha kwenye kapeti, na kingine laini, kinachong'aa, kilichoshikana kama kishada, ambacho hukila moja kwa moja ili apate virutubisho vilivyopita mara ya kwanza. Ndivyo alivyoumbwa. Mkojo nao unaweza kuwa mweupe mzito au hata wa rangi ya chungwa kutokana na majani aliyokula. Ukiona damu yenyewe, au anajikamua bila kutoa kitu, hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tuje kwenye meno. Jamani, sungura hang'ati kwa roho mbaya. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele kabisa ya pua na chini ya kidevu. Sasa wewe unamletea mkono wa ghafla usoni, gizani, chini ya meza, mkono wenyewe hajawahi kuunusa. Angefanyaje? Nilimwambia shemeji akae chini sakafuni, asome gazeti lake, asimguse. Siku ya tatu Kibopa alikuja mwenyewe kunusa soksi. Ukitaka kumshika, pitia pembeni, mpapase paji la uso, na mikono iwe imenawa. Mkono unaonuka karoti kwake ni karoti. Akikubana kidogo kwa meno, toa sauti fupi ya "aii!" kama mwenzie aliyeumia, kisha achana naye kidogo. Usimnyanyue kwa masikio, naomba sana. Mshike kifuani, mkono mwingine ushikilie makalio, maana akirusha mateke hewani anaweza kujivunja mgongo.

Lakini kulikuwa na kituko kingine. Shemeji akitembea, Kibopa anamzunguka miguuni, anatoa mvumo kama wa nyuki, halafu anamng'ata kifundo. Mume akaapa kwamba anachukiwa. Nilicheka mpaka machozi. Msomaji wangu, ile haikuwa chuki. Yule dume alikuwa anamtongoza shemeji! Miezi mitano kwa sungura ni ujana uliochemka, na mkojo wa kwenye kochi ulikuwa sehemu ya hilo hilo, anaweka mipaka ya himaya yake.

Dawa yake ni kumhasi, na hapa usiende kwa fundi wa kuhasi mbuzi. Tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kufanya upasuaji wa sungura, muulize bila aibu. Sungura hatapiki, kwa hiyo halazwi njaa kabla ya upasuaji kama mbwa. Anakula mpaka karibu na muda, na akizinduka anapaswa kurudi kula mapema. Akikaa nusu siku hajala wala hajajisaidia, hiyo ni dharura. Na usimpe kidonge chochote cha dukani: amoksilini, ambayo sisi tunameza tu, kwake inaweza kuua bakteria wazuri wa tumboni na kumwondoa yeye pia. Baada ya kuhasiwa homoni hazishuki siku hiyo hiyo, subiri wiki kadhaa, na kama kuna jike karibu mtenge naye zaidi ya mwezi.

Gharama ya daktari ilirudisha ugomvi mezani. Mume: "Nilipie upasuaji wa mboga?" Mke akaenda kimya chumbani, akarudi na kalenda, ameweka alama siku zote alizolala peke yake tangu Januari. Hakusema neno. Mume aliihesabu kwa kidole, kile kile chenye plasta, akafika mwisho, akauliza daktari anafunguliwa saa ngapi.

Wakapanga kazi. Mke beseni kila asubuhi, vipunje vikavu vinakwenda moja kwa moja kwenye tuta la mchicha, maana mbolea ya sungura haiunguzi miche. Mume akiwa nyumbani, majani ya jioni anatoa yeye peke yake: majani ya karoti, giligilani, nyasi. Parachichi marufuku, tunda na jani lake, ni sumu kwa sungura, na huku Arusha yamejaa kila uani. Ilichukua kama wiki saba. Kochi limepona, kidole kimepona, waya wa chaji ya simu umeliwa mara mbili, na hilo halina mafunzo, funika waya zako tu.

Juzi mke kanionyesha meseji iliyotumwa kutoka Seronera, saa mbili usiku, mtandao uliposhika. Ilisema: "Umekula? Kibopa je?" Dada analalamika eti wametajwa pamoja. Nikamwambia angalia vizuri, mama, wa kwanza ni wewe.

Mwezi ujao: mahari ya kulipa kidogo kidogo, na mashemeji wasiojua kusahau. Maswali yenu leteni.