Ipangieni Simu Saa ya Kujizima na Kuamka



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatukupata kulifikiria: kuipangia simu ya mkononi saa maalumu ya kujizima na kujiwasha yenyewe. Huenda mtu akauliza, sheikh na mitambo ya simu wapi na wapi? Nami nisingeligusa jambo hili lau lenyewe halikunigusa, na lilinigusa kupitia kwa mama yangu mzazi.

Usiku mmoja wa mwaka uliopita mama, ambaye anaishi Lamu pamoja na dada yangu, alishikwa na maradhi ghafla. Alipofikishwa hospitali, daktari aliuliza swali moja la lazima: mama huyu anatumia dawa gani? Dawa zile nilizinunua mimi mwenyewe Mombasa wiki mbili kabla ya hapo, na karatasi yake ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu. Dada akanipigia simu mara kumi na moja. Sikusikia hata mlio mmoja. Simu ilikuwa kando ya kitanda, chaji imejaa, na alama za mtandao zimesimama juu ya kioo kama ilivyo ada. Nikalala usingizi wa mtu asiyejua kitu.

Baada ya swala ya alfajiri nilitaka kumpigia mtu, simu ikakataa. Mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo, aliye nami hapa kwa masomo, aliichukua, akaizima, kisha akaiwasha. Hazikupita dakika mbili zikaanza kumiminika jumbe za simu nilizokosa, moja nyuma ya nyingine. "Mjomba," akaniuliza, "mara ya mwisho uliizima lini simu hii?" Nikafikiri, nisikumbuke. Huenda ilikuwa miezi minne, huenda sita. Nilidhani simu nzuri ni ile isiyozimwa kamwe.

Alhamdulillah, mama alipona. Mtoto wa jirani alitumwa nyumbani usiku ule ule kutafuta makasha matupu ya dawa, akayapata, na daktari akafanya kazi yake. Nilipompigia mama kumuomba radhi, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, nalidhani umelala umechoka, nikawaambia wasikusumbue." Maneno yale ya kunitetea yaliniuma kuliko lawama. Kuanzia siku hiyo nikaazimia kuijua simu yangu.

Tuanze na sababu. Simu hizi za kisasa ni kompyuta ndogo. Kila programu unayoifungua hujichukulia sehemu ya kumbukumbu ya muda, ile ambayo simu huitumia kwa kazi ya wakati uliopo. Programu nyingine hazirudishi zote zilichochukua hata baada ya kufungwa. Siku zikipita mabaki hayo hurundikana, simu ikawa nzito, ikaganda, au sehemu yake moja ikakwama huku nyingine zikiendelea. Hata ile sehemu inayozungumza na mnara wa mtandao huweza kukwama, alama zikabaki juu ya kioo na simu zisiingie. Ukiizima na kuiwasha, kumbukumbu ile ya muda hufutika yote, programu huanza upya, na simu hujisajili tena kwenye mnara.

Kuna faida nyingine ya usalama. Mwaka 2020 shirika la usalama la Marekani liitwalo NSA lilitoa waraka wa nasaha kwa watumiaji wa simu, na miongoni mwa nasaha zake ni kuizima simu na kuiwasha kila wiki. Sababu ni kwamba baadhi ya programu za ujasusi hukaa ndani ya kumbukumbu ya muda peke yake, na simu ikizimwa hutoweka. Si zote, kwani nyingine hujizatiti ndani zaidi. Lakini mlango mmoja uliofungwa ni bora kuliko yote kuachwa wazi.

Sasa namna ya kufanya. Katika simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni, ingia katika mipangilio, kisha sehemu ya utunzaji wa kifaa, kisha uboreshaji wa kiotomatiki, na humo utaona pa kuwasha simu upya kwa ratiba. Ikiwa simu yako inaandika Kiingereza, tafuta maneno "Device care", kisha "Auto optimization", kisha "Auto restart". Chagua siku na saa. Fahamu kwamba simu haitazimika kwa dakika uliyoiandika hasa, bali ndani ya muda wa saa moja tangu hapo, na kwa masharti: kioo kiwe kimezimika na hakuna anayeitumia, betri iwe imezidi asilimia 30, na laini isiwe imefungwa kwa nambari yake ya siri.

Katika baadhi ya simu za Tecno, Infinix, Xiaomi na Oppo mpango wake ni mwingine. Humo huandikwa saa mbili: saa ya kuzimika na saa ya kuwaka. Baina ya saa hizo simu imekufa kabisa, hakuna atakayekupata. Basi ziache dakika tano tu kati yake, na hakikisha zote mbili zimewashwa. Mwenye kuweka ya kuzimika akasahau ya kuwaka atakuta simu imelala mpaka atakapoiamsha kwa mkono. Kwa wenye iPhone, tangu toleo la 16 la mwaka 2022 kazi hii hufanywa kupitia programu ya Shortcuts, kwa kupanga saa na kuchagua tendo la kuwasha upya. Ijaribu kwanza ukiwa nayo mkononi, isije ikawa inasubiri idhini yako ilhali wewe umelala.

Tahadhari moja hapa. Katika mipangilio ya Kiingereza kuna neno "restart" na kuna neno "reset". Yanafanana kwa sura, ila la kwanza ni kuzima na kuwasha, na la pili ni kufuta au kurudisha mambo kama yalivyokuwa simu ilipotoka kiwandani. La kwanza halifuti picha, wala majina, wala jumbe. La pili usilibonyeze pasi na mtu anayejua. Na wale mama zetu wanaohofia fedha zao, nawatoa wasiwasi: fedha za M-Pesa hazimo ndani ya simu, zimo katika akaunti, na simu ikizimwa haziendi popote.

Ama lililo gumu zaidi ni kuchagua saa, na hapo ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Watu wengi husema, panga usiku wa manane, watu wamelala. Mpwa wangu akanipangia saa tisa za usiku, nasi tukalala tukiwa na furaha ya kazi iliyokamilika. Simu ikatii amri, ikazimika, ikawaka. Kulipokaribia kupambazuka, ile programu ya adhana ambayo huniamsha kila siku haikutoa sauti. Nilipozinduka, watu walikuwa wanatoka msikitini. Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa amesalisha kwa niaba yangu, naye akanipokea kwa tabasamu na neno moja tu: "Sheikh, leo tulikungoja."

Nini kilitokea? Simu inapowaka upya hujifunga kufuli la ndani zaidi kuliko lile la kila siku. Vitu vyako vingi hubaki vimefichwa mpaka uandike nambari yako ya siri kwa mara ya kwanza. Hata alama ya kidole haikubaliwi kabla ya hapo. Kengele ya saa iliyokuja na simu yenyewe, katika simu za Android kuanzia toleo la 7 la mwaka 2016, kwa kawaida huweza kulia hata kabla ya kufuli hilo kufunguliwa. Lakini programu nyingi ulizoziongeza mwenyewe, ikiwemo hiyo yangu ya adhana, haziamki hadi mwenye simu aamke. Jumbe na simu za WhatsApp nazo hungoja. Simu ya kawaida itaingia, ila utaona nambari tupu bila ya jina. Na kama laini ina nambari yake ya siri na simu yako ni ya aina inayozimika bila kuangalia sharti hilo, hata simu ya kawaida haitaingia mpaka uiandike.

Tazama basi nilivyokuwa karibu kuirudia ajali ile ile kwa mlango mwingine. Nilitaka kujilinda na usiku wa kukosa simu ya mama, nikajitengenezea usiku ambao simu iko hai, lakini nusu ya masikio yake yamezibwa.

Kwa hivyo, kwa mtazamo wangu, saa inayofaa si ile ambayo wewe umelala. Ni ile ambayo simu imewekwa chini na wewe uko macho, ili baada ya muda mfupi uifungue kwa mkono wako. Katika maisha yetu ya pwani saa hiyo haiko mbali. Wengi wetu tukienda kusali magharibi huiacha simu nyumbani kwenye chaja, tukabaki msikitini kwa darsa mpaka baada ya isha. Mimi sasa nimeipanga saa kumi na mbili u nusu za jioni, siku mbili kwa juma. Nikirudi nyumbani, jambo la kwanza baada ya salamu ni kuishika simu, kuandika nambari ya siri, na kutazama ni nani aliyenitafuta. Kisha nikilala, nalala na simu iliyo macho.

Na hapo pana mtego wa lugha yetu. Sisi twahesabu saa kuanzia kuchwa na kucha, na simu yahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Saa kumi na mbili u nusu za jioni kwa simu ni 18:30. Jirani yangu alikusudia saa tisa za usiku, akaandika 9:00, na simu yake ikawa inazimika saa tatu za asubuhi, wakati wateja wake wa samaki wanapopiga kuuliza bei. Aliilaumu simu kwa muda wa mwezi mzima.

Kama simu yako haina mpango huu, usihuzunike. Siku ya Ijumaa, ukifika mlangoni mwa msikiti, badala ya kuinyamazisha sauti tu, izime kabisa. Ukitoka, iwashe na uifungue. Mara moja kwa juma yatosha kwa watu wengi, na wenzako wa safu nao watakushukuru.

Wala tusiipe dawa hii sifa isizokuwa nazo. Haitaongeza nafasi ya kuhifadhi picha, haitaponya betri iliyochakaa, wala haitatengeneza simu iliyoingia maji. Simu inayoganda kila siku hata baada ya kuzimwa na kuwashwa, ipelekeni kwa fundi.

Namalizia kwa vijana wetu. Nyinyi ndio mnaozijua simu hizi, na wazee wenu hutegemea mikono yenu. Mnapomwekea bibi au babu mpango huu, msibonyeze na kuondoka. Mwulizeni kwanza: nani hukupigia, na saa ngapi? Nini hukuamsha? Je, waikumbuka nambari ya siri bila ya kidole? Mzee asiyeikumbuka nambari yake atafungiwa nje ya simu yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Kisha ijaribuni simu pamoja naye mchana: izimike, iwake, aandike nambari kwa mkono wake, na mmoja wenu ampigie kutoka chumba cha pili. Ikiita, ondokeni kwa amani.

Jioni hii, baada ya kuifungua simu, nilimpigia mama. Aliuliza tu kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na kwamba akinihitaji usiku asiwaambie watu wasinisumbue. Akacheka, akaniombea dua.

Mola awahifadhi wazee wetu walio hai na awarehemu waliotangulia. Tukutane juma lijalo, insha'Allah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.