Anayeomba ukaazi wa kudumu akutane na anayeamua

Nchini Uingereza, mhamiaji aliyeingia kwa ujuzi wake huweza kuomba ukaazi wa kudumu akishatimiza miaka mitano ya kazi halali. Kwa miaka mingi, aliyekuwa tayari kulipa ada ya ziada aliweka miadi akaenda na familia yake mpaka ofisi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kama ile ya Lunar House huko Croydon, kusini mwa London. Ofisa alikagua nyaraka mbele yao, akauliza penye shaka, na mara nyingi jibu lilipatikana siku hiyo hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2018 utaratibu huo uliondolewa. Siku hizi fomu hujazwa kwenye intaneti, nyaraka hutumwa kwa njia hiyo hiyo, na wengi wa waombaji huitwa kwenye kituo cha kampuni binafsi yenye mkataba na serikali, wapigwe picha na kutoa alama za vidole. Mhudumu wa kituo hicho hana mamlaka ya kuamua wala ya kushauri. Naamini serikali ya Uingereza inapaswa kulifungua tena dirisha la ofisa mwenye mamlaka, hasa kwa familia, na kwamba serikali za Afrika Mashariki zina haki ya kulidai jambo hilo.

Nasema hasa kwa familia kwa sababu sheria haiitazami familia kama kitu kimoja. Mwenza wa mwombaji mkuu huhesabiwa miaka mitano yake mwenyewe. Muuguzi aliyetangulia kutoka Kisumu akafuatwa na mumewe mwaka mmoja baadaye atastahili mwaka mmoja kabla ya mumewe, na mtoto waliyemleta kwa kawaida atasubiri mpaka wazazi wote wawili wapate ukaazi. Mtoto wao aliyezaliwa Uingereza yuko katika hali tofauti kabisa. Chini ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981, ana haki ya kusajiliwa kuwa raia mara tu mzazi mmoja anapopata ukaazi wa kudumu. Tangu Aprili 2025 ada ya kuomba ukaazi ilikuwa pauni 3,029 kwa kila mtu, mtoto kwa mkubwa, yaani pauni 12,116 kwa familia ya watu wanne. Mwaka huo ada ya kumsajili mtoto kuwa raia haikufika nusu ya ile ya ukaazi. Mzazi asiyeijua tofauti hii anaweza kulipa zaidi kwa ajili ya hadhi iliyo pungufu. Fomu itapokea maombi yake bila kumwambia neno, ilhali ofisa aliye mbele yake angemweleza kwa sentensi moja.

Kosa katika maombi haya lina gharama kubwa. Ombi likikataliwa baada ya kushughulikiwa, ada hairudishwi. Sheria ya Uhamiaji ya 2014 iliwaondolea wengi wa waombaji hawa haki ya kukata rufaa mahakamani. Wamebakiwa na mapitio yanayofanywa ndani ya wizara ile ile, kwa maandishi. Chukua kanuni ya siku 180, ambazo mwombaji hapaswi kuzizidisha akiwa nje ya nchi katika kipindi chochote cha miezi 12. Kanuni hiyo ina nafasi ya huruma, kwa mfano pale ndugu wa karibu anapougua sana. Lakini lazima mwombaji ajue kwamba nafasi hiyo ipo, ajue ni ushahidi gani unaotakiwa, na auambatanishe kabla hajaulizwa. Aliyerudi Moshi kumuuguza mama yake anaweza kuwa na sababu ya kutosha na hati zote kabatini, akakosa tu mtu wa kumwambia kwamba zinahitajika.

Wapo wanaosema kwamba kukutana ana kwa ana kunaleta upendeleo, na hata rushwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipuuza hoja hiyo, kwa maana tunajua yanayoweza kutendeka dirishani pasipokuwa na macho ya tatu. Hata hivyo, kumficha ofisa hakumwondolei upendeleo. Kunaufanya tu usionekane. Kinga yake ni kigezo kilichoandikwa, kumbukumbu ya kila mazungumzo, sababu za uamuzi zinazokabidhiwa mwombaji, na ofisa wa pili anayekagua. Hayo yote yanawezekana dirishani. Faida ya ziada ni kwamba mwombaji anajua aliulizwa nini na alijibu nini.

Hoja nyingine ni ya gharama na umbali. Ni kweli kwamba mama mwenye mtoto mchanga aliyeko kaskazini mwa Scotland ananufaika na maombi ya mtandaoni, na hakuna sababu ya kumnyang'anya nafuu hiyo. Ninachotaka ni njia ya pili kwa mwenye haja nayo. Kuhusu gharama, takwimu za wizara yenyewe zinaonyesha kwamba ada ya ukaazi ni mara kadhaa ya gharama ya kulishughulikia ombi. Tena wizara imeendelea kuuza haraka: kwa pauni 1,000 za ziada, mwombaji huweza kupata uamuzi siku ya kazi inayofuata. Ikiwa kuna maofisa wa kuamua kwa kasi hiyo, fedha na watu vipo. Kilichopunguzwa ni mazungumzo.

Uingereza imekwisha kuonja madhara ya kuamua hatima za watu kwa karatasi peke yake. Kashfa ya Windrush iliyolipuka 2018 iliwahusu watu waliohamia kihalali kutoka Karibi na kwingineko, wakaishi huko miongo mingi, kisha wakapoteza kazi, nyumba, hata haki ya kubaki, kwa kukosa hati. Ripoti ya uchunguzi wa kashfa hiyo, iliyoandikwa na Wendy Williams na kutolewa Machi 2020, iliitaka wizara ibadili utamaduni wake, itambue kwamba sera za uhamiaji zinahusu binadamu. Dirisha lenye ofisa anayesikiliza ni njia moja ya kulitekeleza agizo hilo kwa vitendo.

Haja hiyo inazidi kukua. Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi kutoka miaka mitano hadi kumi. Masharti yakibadilika, maswali huongezeka, na familia iliyokwisha kuwekeza miaka yake inastahili mtu wa kuyajibu. Serikali zetu nazo zina pa kuanzia: Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza Julai 2021 kuhusu ajira za wahudumu wa afya. Makubaliano kama hayo husema mengi kuhusu jinsi muuguzi anavyoondoka nyumbani. Yakijadiliwa upya, Nairobi idai kifungu kinachompa muuguzi huyo, mwenza wake na watoto wao haki ya kusikilizwa na ofisa mwenye mamlaka kabla ombi lao la ukaazi halijakataliwa. Nchi inayopokea mikono ya watu wetu wodini inaweza kumudu kuwapa nusu saa ya kuwasikiliza.