Shimesikio la Mvuvi wa Usiku

Mvuvi wa dagaa anapopoteza usikivu, mara nyingi mkewe ndiye hugundua kwanza: mume hujibu asichoulizwa. Miaka mingi kando ya injini ya boti huua chembe za usikivu ndani ya sikio, nazo hazioti tena. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia, ila sielewi."

Wagonjwa kutoka Mwanga na Ujiji huniomba shimesikio dogo, lile linalojificha ndani ya sikio. Naielewa aibu yao, lakini kwa mtu wa ziwani siafiki. Betri yake ni ndogo mno kwa vidole vilivyoota sugu za kamba, tena nta na jasho huliziba upesi. Afadhali lile linalokaa nyuma ya sikio, lifungwe uzi kwenye ukosi wa shati, na likirudi nchi kavu lilazwe katika kopo lenye chembechembe za kunyonya unyevu.

Hata hivyo shimesikio si kinga. Kelele ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda huo hupungua nusu. Basi injini ikiunguruma, livuliwe, vizibo vivaliwe, na mwenzake akae mbele kuangalia. Injini ikizimwa na taa zikiwashwa juu ya maji, livaliwe tena, kwa kuwa boti lisilo na taa husikika kabla ya kuonekana.