Nani Aliwapima?
Kijana ameanguka na boda, kichwa kikaumia. Sasa anatembea, anaongea, ila akichoka anasahau haraka. Akienda shule ya udereva anaambiwa, "Wewe hapana." Mwenzake aliyekuwa na gari, ndugu waliliuza angali wodini. Nani aliwapima?

Hatusemi kila mtu apewe usukani. Anayepata kifafa asiendeshe mpaka daktari aseme. Roho za watu si mchezo. Lakini ulemavu si mkongojo tu, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu hiyo. Leseni ya daraja F nayo ipo kwa watu wenye ulemavu.

Vijana, mkikataliwa, itisheni sababu kwa maandishi. Mkikubaliwa, chukueni masomo mafupi ya asubuhi, kabla kichwa hakijachoka, kwenye gari la otomatiki.